Kuanza kukimbia bila kuumia: maswali ya wanaoanza, Mtwara na Lindi

Kila Jumamosi kabla jua halijatoka tunakutana Shangani, Mtwara mjini, watu kumi, siku nyingine ishirini, na karibu kila wiki yupo mgeni. Maswali yake huwa ni yale yale aliyouliza mgeni wa wiki iliyopita. Nimeyakusanya hapa pamoja na yale ninayotumiwa kwa simu kutoka Lindi, Masasi na Newala. Mimi si daktari. Nilianza kukimbia vibaya, nikaumia, nikalazimika kuanza upya, na tangu hapo nimewasindikiza wengi katika miezi yao ya mwanzo. Kama una haraka, soma swali la 5 kwanza, maana mengine mengi yanaegemea hapo.

## Kabla ya kuanza

1. Sijakimbia tangu mchakamchaka wa shule. Nianzie wapi?

Anzia kwenye kutembea. Kaza mwendo dakika 30, mara 3 au 4 kwa wiki, kwa muda wa wiki 2. Kama asubuhi inayofuata unaamka bila kuchechemea, miguu iko tayari kuonja mbio. Mwenye kazi ya kusimama na kutembea kutwa, kama mchuuzi wa samaki au mkulima wa korosho, anaweza kuiruka hatua hii. Anayeshinda kwenye kiti cha ofisi au juu ya bodaboda asiiruke.

Mchakamchaka usikudanganye. Enzi zile ulikuwa na kilo 35, na kabla ya kengele ulikuwa umeshacheza rede, umeshapanda mwembe na umeshatembea kilomita kadhaa kuifuata shule. Mwili ule ulikuwa mazoezini tangu asubuhi hadi jioni.

2. Nani aonane na daktari kwanza?

Mwenye presha, kisukari, ugonjwa wa moyo, pumu isiyotulia au selimundu. Vilevile aliyewahi kubanwa kifua au kuzimia akiwa kwenye kazi nzito, na yule ambaye kwao kuna ndugu aliyefariki ghafla akiwa bado kijana. Kama umevuka miaka 45 na hujafanya mazoezi kwa muda mrefu, kapime presha na sukari kabla hujaanza. Ni kipimo cha asubuhi moja.

Ukiwa njiani ukabanwa kifua, ukasikia maumivu yanayopanda taya au kushuka mkono, au macho yakaingia giza, simama. Usimalize mzunguko. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.

3. Nina miaka 52 na kilo 98. Si nitaua magoti?

Kukimbia kwa kiasi hakujaonekana kumaliza magoti yenye afya. Kinachoyasumbua ni mzigo kuongezeka ghafla. Kila unapokimbia, mguu unaotua hubeba kama mara mbili hadi tatu ya uzito wa mwili, na kilomita moja ina hatua zaidi ya elfu moja. Kwa hiyo mwenye kilo 98 asifuate ratiba ya kijana wa kilo 60, ila kukimbia atakimbia. Akae wiki 4 kwenye kutembea badala ya 2, na kila ngazi ya ratiba (swali la 4) aikalie wiki 3. Tuna mama mmoja aliyeanza hivyo. Ilimchukua miezi saba kufika nusu saa bila kusimama, na hakukosa hata wiki moja kwa sababu ya maumivu.

## Wiki za mwanzo

4. Ratiba yenyewe ikoje?

Mwaka 1996 Mmarekani Josh Clark alitunga ratiba ya wiki 9 ya kumtoa mtu kwenye kochi hadi kilomita 5, na ratiba nyingi za wanaoanza zimechipuka kutoka kwenye ile. Wazo ni kuchanganya kukimbia na kutembea, siku 3 kwa wiki. Sisi tumeirefusha hadi wiki 14, kwa sababu wengi walikuwa wakiumia kuanzia wiki ya 5, pale ya Clark inapoanza kupanda kwa kasi.

Kila siku ya mazoezi hufunguliwa na kufungwa kwa dakika 5 za kutembea. Katikati ni hivi:

Wiki ya 1 na 2: kimbia dakika 1, tembea 2, rudia mara 7.
Wiki ya 3 na 4: kimbia 2, tembea 2, mara 6.
Wiki ya 5 na 6: kimbia 4, tembea 2, mara 4.
Wiki ya 7 na 8: kimbia 6, tembea 2, mara 3.
Wiki ya 9 na 10: kimbia 10, tembea 2, mara 2.
Wiki ya 11 na 12: kimbia 15, tembea 2, kimbia 10.
Wiki ya 13 na 14: kimbia 25 mfululizo wiki ya 13, kisha 30 wiki ya 14.

Kama huna saa, tumia nguzo za umeme: mwanzoni kimbia nguzo tatu, tembea nguzo nne au tano. Na wiki ikikulemea, irudie. Wapo walioirudia wiki ya 5 mara tatu, na leo wanakimbia vizuri tu.

5. Pumzi ninayo. Mbona mnanizuia?

Kwa sababu pumzi hutangulia na mifupa hufuata nyuma sana. Hili ndilo jambo ambalo ningependa kila anayeanza alishike, hata kama mengine yote atayasahau.

Moyo na mapafu huanza kuizoea kazi ndani ya wiki mbili tatu. Misuli huchukua wiki kadhaa zaidi. Kano, zile kamba zinazofunga misuli kwenye mfupa, pamoja na mfupa wenyewe, huhesabu kwa miezi. Na mfupa una tabia ambayo wengi hawaijui: ukipewa kazi mpya huanza kwa kubomoa sehemu zilizochoka, ndipo ujenge. Ni kama mtu anayekandika upya nyumba ya miti. Kwanza anabandua udongo wa zamani, na kwa siku kadhaa fito zinabaki wazi. Mvua ikija siku hizo, nyumba inaumia zaidi kuliko kabla hajaigusa. Kwa anayeanza kukimbia, siku za fito wazi huangukia kati ya wiki ya 3 na ya 8, na hapo hapo ndipo pumzi inapofunguka, mtu anajisikia mwepesi, anatamani kwenda mbali.

Mimi ilinikuta wiki ya 4. Asubuhi ya Juni, upepo wa kusi umetulia, nikajisikia ninaweza kufika popote. Nikaenda mpaka Mikindani, kama kilomita 10, na kabla ya hapo sikuwa nimewahi kuvuka kilomita 4. Sikuumia siku ile. Niliumia Jumatano iliyofuata nikipanda ngazi: nikapitisha dole gumba kwenye mfupa wa ugoko, na karibu na kifundo nikakuta sehemu ndogo kama shilingi ambayo nikiigusa tu nashtuka. Wiki 10 sikukimbia. Asubuhi moja ya kiburi ilinila wiki 10.

Kwa hiyo, siku unapojisikia vizuri kupita kiasi, maliza ulichopangiwa urudi nyumbani na hamu yako. Hamu hiyo ndiyo itakayokutoa kitandani kesho kutwa.

6. "Polepole" ni kasi gani?

Kasi ya kuongea. Uweze kumsimulia mwenzako habari za jana kwa sentensi nzima bila kuhema katikati. Ukiwa peke yako, sema kwa sauti sentensi moja ndefu au soma sura fupi unayoijua kwa moyo, ikikatika, umezidisha. Wengi wakikimbia kwa kasi hii hupitwa na mtu anayetembea haraka, na wanaona aibu. Mtwara watu wanasalimia sana, utaitwa "kaza, kaza!" kila kona. Itikia, punga mkono, usikaze.

7. Nikikimbia kila siku si nitafika haraka?

Hutafika haraka. Mwili hujenga siku ya kupumzika, na siku ya kukimbia huupa tu sababu ya kujenga. Acha walau siku moja kati ya mbio na mbio. Siku hizo tembea, ogelea, endesha baiskeli, au fanya mazoezi ya nguvu dakika 15: simama kwenye ngazi kwa ncha za vidole, panda na kushuka kwa kisigino mara 12, duru 3, chuchumaa na kuinuka mara 12, simama kwa mguu mmoja wakati wa kupiga mswaki. Vigimbi na mapaja yenye nguvu huwapunguzia mifupa mzigo.

8. Nimesikia kanuni ya asilimia 10. Ni kweli?

Ni kipimo kizuri cha kujizuia, lakini haitoi ulinzi wa uhakika. Watafiti wa Groningen, Uholanzi, waliwafuatilia wanaoanza 532: wengine wakiongeza kwa asilimia 10 kila wiki, wengine wakifuata ratiba ya kawaida iliyopanda haraka zaidi. Matokeo yaliyochapishwa 2008 yalionesha makundi yote mawili yameumia karibu sawa, kama mtu mmoja kati ya watano.

Utafiti mkubwa zaidi wa 2025, wa wakimbiaji zaidi ya 5,000, ulitazama kitu kingine: urefu wa mbio moja. Waliokimbia siku moja zaidi ya asilimia 10 kuvuka mbio zao ndefu za siku 30 zilizotangulia ndio walioumia zaidi, na waliorefusha zaidi ya mara mbili ndio walioumia kupita wote. Niliposoma hilo niliikumbuka safari yangu ya Mikindani. Basi jiulize hivi: mwezi huu, siku niliyokwenda mbali kuliko zote nilikwenda kilomita ngapi? Kama ni 5, wiki hii usivuke 5 na nusu.

9. Mtaani kwetu kuna kikundi cha jogging. Nikimbie nao?

Vikundi vyetu vya jogging vina raha: nyimbo, fulana za rangi moja, supu mwishoni. Hatari yake ni kwamba kikundi hukimbia kama gari moshi, mabehewa yote kasi moja. Nenda, ila mwambie kiongozi mapema kwamba utaanza nao na kuishia kwenye kona fulani. Au anza nao kwa kutembea, wakutane nawe wakirudi. Kikundi kisichokubali hivyo, kisubiri hadi umalize wiki ya 14.

## Viatu, njia, jua na maji

10. Raba za mitumba zinafaa?

Zinafaa, na wengi wetu ndizo tunazokimbilia. Ila uzichague kwa mikono yako. Nikifika kwenye meza ya mitumba, kwanza naishika raba kisigino na ncha, naikunja. Ikikunjika pale vidole vinapokunjika, sawa. Ikikunjika katikati kama chapati, naiacha. Naiweka mahali bapa naitazama kwa nyuma: ikilala upande mmoja, mwenyewe wa kwanza alishaimaliza. Kisha nabonyeza kwa dole gumba ile soli laini ya katikati, kati ya kitambaa na mpira wa chini. Ikibonyea na kurudi, ina uhai. Ikiwa ngumu kama gome, au ina mikunjo mingi iliyolala sambamba, imekufa hata kama juu inang'aa. Mwisho navuta ncha ya soli kuona kama gundi inashika.

Vaa zote mbili, jioni ikiwezekana, kwa kuwa miguu huvimba kidogo kutwa. Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa dole gumba. Ruka ruka hapo hapo mbele ya muuzaji. Kiatu kinachokubana sokoni hakitakuacha kukubana barabarani. Usichague kwa jina lililoandikwa ubavuni, chagua kinachokukaa.

11. Nikimbie pekupeku ufukweni? Mchanga si laini?

Mchanga ni wa aina mbili. Ule mkavu wa juu unazamisha mguu, na kila hatua kigimbi na kano ya nyuma ya kisigino vinavuta kwa nguvu. Mchanga huo humuumiza haraka anayeanza. Ule ulioachwa na maji punde ni mgumu na tambarare, huo ndio wa kukimbilia. Lakini ufuko mwingi una mteremko kuelekea baharini, mguu mmoja unakuwa juu na mwingine chini kila hatua. Badili upande: dakika chache kwenda, dakika zile zile kurudi.

Ujue na maji. Kwetu, siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji huwa bado juu alfajiri na hukupwa kabisa jua likiwa limeshapanda. Siku za maji mafu ndizo zinazompa nafasi mkimbiaji wa alfajiri, ingawa ufuko hauwi mpana sana. Muulize mvuvi yeyote jioni, atakwambia kesho pakoje.

Pekupeku anza na dakika 5 tu za mwisho, mara moja kwa wiki, na utazame chini: vigae vya kombe na chupa zilizovunjika vipo.

12. Njia gani ni salama hapa?

Mtwara mjini ni tambarare, neema kubwa kwa anayeanza. Shangani na barabara za ndani za mtaa, au mizunguko ya kuzunguka uwanja wa Nangwanda Sijaona, zinatosha kwa miezi mitatu. Njia ya udongo ulioshindiliwa ni bora kuliko lami, na lami ni bora kuliko mchanga uliolegea. Lindi ina barabara ya pwani kabla hujaanza kupanda mitaa ya mlimani. Ibaki hiyo mpaka umalize ratiba.

Barabara kuu ziache kwanza. Malori ya makaa ya mawe yanayoelekea bandarini ni marefu, na dereva aliyetoka Ruvuma usiku kucha hakuoni. Ukilazimika, kimbia upande wa kulia ukitazamana na magari, vaa fulana nyeupe, na masikio yabaki wazi bila spika za simu.

13. Asubuhi au jioni?

Asubuhi, hasa kuanzia Desemba hadi Machi, joto na unyevu vinapokutana na jasho linashindwa kukauka. Julai jua hutoka saa 12 na nusu na ushei, Novemba saa 12 bado haijafika limeshatoka, kwa hiyo saa yako ya kuamka itabadilika na msimu. Jioni nzuri huanza saa 11 na nusu.

Mgeni kutoka Mbeya au Iringa ajipe siku 10 hadi 14 za kuzoea joto, akikimbia nusu ya kawaida yake. Mwenzenu akianza kuyumba, kuongea ovyo au kuacha kujibu, hiyo ni hatari ya kweli: mpelekeni kivulini, mmwagie maji mwili mzima, mpepeeni, mtafute gari huku mkiendelea kumpoza.

14. Ninywe maji kiasi gani, na nile nini?

Kwa nusu saa ya mazoezi kunywa glasi moja kabla na kwa kiu yako baada. Usijijaze lita mbili kwa mkupuo. Maji mengi mno bila chumvi nayo yana madhara. Dafu baada ya mbio ni zuri.

Chakula chetu kinatosha. Ugali, mbaazi, samaki, kisamvu cha nazi, ndizi, konzi ya korosho: sioni pengo la kujazwa na unga wa dukani. Kosa ninaloliona ni kukimbia huku mtu anajinyima ili apungue haraka. Mfupa unaojengwa unataka chakula. Mwanamke anayeona hedhi imekatika tangu aanze mazoezi na kujinyima, aongeze chakula na aende kliniki, kwa kuwa mifupa yake iko hatarini. Na aliyekunywa uraka jana usiku apumzike leo. Ameamka na upungufu wa maji tayari.

## Maumivu

15. Nitajuaje kama ni uchovu wa kawaida au nimeumia?

Uchovu huja pande zote mbili, umesambaa kwenye nyama, unakuwa mkali siku ya pili na kuisha ya tatu au ya nne, na ukipasha moto mwili unalegea. Jeraha hukaa upande mmoja, mahali unapoweza kupaonesha kwa kidole, na kadiri unavyokimbia linazidi. Likikuchechemesha au kukuamsha usiku, acha kukimbia mpaka uonwe.

Kipimo chetu ni cha sifuri hadi kumi. Maumivu ya 1 hadi 3 yanayoisha kufikia kesho yake asubuhi, endelea bila kuongeza. Ya 4 na 5, rudi ngazi moja au mbili. Zaidi ya hapo, tembea.

16. Mbona John Stephen Akhwari alimaliza na goti limefungwa bendeji?

Huulizwa sana, na naliheshimu swali hili. Akhwari alikuwa mwanariadha aliyefuzu, yuko Olimpiki ya Mexico 1968, akaanguka katikati ya maratoni na kuumia goti, akaingia uwanjani zaidi ya saa moja baada ya mshindi. Ilikuwa siku moja ya maisha yake, kwa ajili ya nchi. Wewe unakimbia Jumanne ili Alhamisi ukimbie tena. Ukitaka mfano wa kuiga kila wiki, mtazame Alphonce Simbu, naye wa maratoni: shaba ya dunia London 2017, dhahabu Tokyo 2025. Kati ya medali hizo mbili kuna miaka minane ya kufanya kazi.

17. Ugoko unauma. Nifanyeje?

Hili ndilo linaloongoza. Pitisha dole gumba kwenye ukingo wa ndani wa mfupa wa ugoko, kutoka kifundo kwenda juu. Maumivu yakitanda kwa urefu wa vidole vitatu vinne au zaidi, mara nyingi ni mfupa na misuli kulemewa: punguza mbio nusu au uache wiki 1 hadi 2, tembea, endelea na mazoezi ya vigimbi (swali la 7), kisha rudi ngazi mbili nyuma. Maumivu yakiwa nukta moja, na ukiruka kwa mguu huo mmoja yanachoma, shuku ufa wa mfupa. Hapo hukimbii hata dakika. Nenda hospitali, na ujue kwamba picha ya eksirei ya wiki za mwanzo inaweza isioneshe kitu ilhali ufa upo. Mimi niliambiwa "mfupa mzima" siku ya kwanza.

18. Na goti? Na kisigino asubuhi?

Goti linalouma mbele, hasa ukishuka ngazi au ukikaa muda mrefu, mara nyingi linataka hatua fupi zaidi na za haraka kidogo, na mapaja na nyonga zenye nguvu. Usitupe mguu mbele. Utue chini ya mwili wako. Goti lililovimba, linalokwama au linalolegea ghafla ni la daktari.

Kisigino au wayo unaochoma hatua za kwanza ukishuka kitandani, halafu ukapoa, ni utando wa chini ya unyayo. Usitembee pekupeku kwenye sakafu ya saruji asubuhi, weka ndala karibu na kitanda. Vuta vidole juu kwa mkono mara 10 kabla hujasimama. Huchukua miezi, usikate tamaa.

19. Bibi anachua vizuri sana. Nikachuliwe?

Kuchuliwa taratibu na mafuta ya nazi kwa misuli iliyochoka kunaburudisha, na mikono ya bibi zetu inajua mengi. Lakini kifundo kilichoteguka leo kisichuliwe wala kukandwa na maji ya moto kwa siku mbili tatu za kwanza. Weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa dakika 15, kifunge, kiinue. Ukishindwa kupiga hatua nne kwa mguu huo, nenda ukapigwe picha. Na nukta ya ugoko niliyoitaja kwenye swali la 17 isiguswe na mtu.

20. Nikimeza diklofenaki kabla ya kukimbia?

Usimeze. Inazima kengele huku nyumba inaungua, na dawa za kundi hilo pamoja na upungufu wa maji huzielemea figo.

21. Nimekaa wiki 3 bila kukimbia. Nirudi wapi?

Wiki moja, endelea ulipoachia. Wiki 2 hadi 3, rudi ngazi mbili za ratiba. Zaidi ya mwezi, rudi wiki ya 1. Utapanda haraka kuliko mara ya kwanza, lakini panda kwa ngazi.

## Hali za pekee

22. Ramadhani tunafanyaje?

Wengi wetu tunafunga, kwa hiyo mwezi huo kikundi kizima hubadilika. Wanaoweza hukimbia dakika 20 nyepesi kabla tu ya futari, ili maji yawe karibu. Wengine huenda baada ya tarawehe. Alfajiri baada ya daku siishauri, kwa kuwa jasho utakalotoa hutalirudisha hadi magharibi. Usipande ngazi ya ratiba mwezi huo, shikilia ulipo. Kutembea tu nako kunatosha, na baada ya Idi tumia swali la 21.

23. Sisi wanawake tunakimbiaje kwa ushungi, na usalama?

Ushungi wa kitambaa chepesi cha michezo au pamba nyembamba, suruali pana na kanzu fupi ya kufika magotini. Dera hapana, linajisokota miguuni. Sidiria inayoshika vizuri ina umuhimu sawa na kiatu. Kimbieni wawili au zaidi, mwanga ukiwa umeshatoka, na mtu nyumbani ajue mnapita wapi. Wapo watakaopiga mluzi. Baada ya wiki kadhaa za kuwaona nyuso zile zile, wengi wao huishia kusema "shikamoo, mama".

Mjamzito aliyekuwa anakimbia tayari anaweza kuendelea kwa wepesi akikubaliwa kliniki. Ambaye hajawahi asianzie hapo, atembee. Baada ya kujifungua salama subiri walau wiki 12 kabla ya kukimbia. Kama ni kwa upasuaji, au mkojo unavuja ukiruka, uliza kwanza.

24. Nina homa kidogo. Nikikimbia si itatoka na jasho?

Haitoki. Homa ni siku ya kupima malaria na kulala. Ukimaliza dozi, jipe angalau wiki ya kula na kutembea. Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari apime kabla, na abebe sukari au pipi mfukoni. Mikono ikitetemeka na jasho la baridi likitoka, ale hapo hapo. Mwenye selimundu akimbie kwa ruhusa ya kliniki yake tu, bila mashindano, bila kiu na bila baridi.

25. Niko Newala, kila njia ni mlima.

Uwanda wa Makonde wenyewe juu una sehemu ndefu zilizonyooka, zitafute hizo. Mlima wa kupanda upande kwa kutembea, hauna aibu. Wa kushuka ndio wa kuogopa, kwa sababu paja linafunga breki kila hatua, na kesho yake hutaweza kukaa chooni. Miezi mitatu ya kwanza, mteremko mkali wote tembea.

26. Kuna mbio za kilomita 10 baada ya wiki 6 na nimeshalipia fulana.

Vaa fulana. Kama kuna kilomita 5, hamia huko na uende kwa mtindo wa ratiba: kimbia dakika 4, tembea 2, tangu kipenga cha kwanza na si baada ya kuchoka. Wenzako watakuacha kilomita ya kwanza, wengi utawakuta ya nne.

27. Mwanangu wa miaka 9 anataka kuja.

Aje. Watoto hukimbia, husimama, huokota kombe, hukimbia tena, na hiyo ndiyo ratiba yetu ya wiki ya 1 bila saa. Usimpangie kilomita, akisema amechoka amechoka. Mlete Jumamosi, na chupa yake ya maji.